Chonge Imeng'oka

Tukubaliane mapema, tusije tukagombana njiani: siku ile mjinga alikuwa Gego. Hakuwa mjinga wa kuzaliwa, maana kwenye kazi yake ya kutengeneza meno ya bandia hakuwa na mpinzani mji mzima. Alikuwa mjinga wa siku moja tu, lakini ujinga wenyewe ulikuwa wa kushiba, wa kusimuliwa mwaka mzima bila kuisha utamu.

Jina la Gego alipewa chuoni. Chuo kilikuwa cha tiba ya meno, na darasa lao, kwa bahati ya ajabu, lilikuwa na wanafunzi thelathini na wawili, idadi kamili ya meno ya mtu mzima. Ulitarajia vijana wafanye nini? Wakapeana majina. Yeye aliyekaa nyuma kabisa, mgongo ukutani, akawa Gego. Mwenye domo lisilojua kufungwa akawa Ulimi, ingawa ulimi si jino, na mwenyewe alilalamika mpaka siku ya kuhitimu. Na binti mmoja aliyekuwa na chonge ya juu, upande wa kushoto, iliyosogea mbele kidogo kuliko wenzake, ikichungulia kila alipocheka kama mtoto anayechungulia wageni sebuleni, huyo wakamwita Chonge.

Gego aliipenda chonge ile. Aliipenda mwaka wa kwanza, akaipenda wa pili, na wa tatu akaamua liwalo na liwe, atasema. Siku aliyojipanga kusema, akiwa amenyoa ndevu ambazo bado hazijaota vizuri, Chonge alimtangulia kwa kumnyooshea mkono wenye pete. Alikuwa amechumbiwa na dereva wa malori.

"Hongera," alisema Gego, akaenda kula keki ya watu.

Miaka ishirini na nane ikapita hapo. Dereva alikufa, Mungu amlaze pema. Gego naye alioa, akaachwa. Walichobakiwa nacho wote ni lile kundi la kwenye simu lililoitwa Meno Thelathini na Mawili, ambamo wenzao walitumiana salamu za asubuhi, picha za wajukuu na dawa za kiuno. Na humo kulikuwa na lugha yao. Mwenzao wa kwanza alipofariki, Gego mwenyewe ndiye aliyeandika, kwa uchungu wa kweli: "Jino letu la kwanza limeng'oka." Usemi ukashika. Kuanzia hapo, mtu wa Meno Thelathini na Mawili hakufa. Aling'oka.

Shika hapo, usiachie.

Basi asubuhi hiyo Gego alikuwa karakanani, anachukua umbo la ufizi wa mwalimu mkuu mstaafu. Kazi hiyo hufanywa kwa kijitrei cha chuma kilichojaa ujiuji mzito wa rangi ya waridi, unabandikwa mdomoni, na mgonjwa anaambiwa asiume, asimeze, wala asijaribu kuhutubia. Mwalimu mkuu alikuwa ametulia hivyo, macho darini, wakati simu ilipolia kwenye meza. Ulimi ameandika:

"Wapendwa, chonge imeng'oka leo asubuhi, mbele ya macho yangu. Mwenyewe alikuwa jasiri hadi dakika ya mwisho. Nyumbani kwake leo kuna shughuli, walio karibu mpite."

Chini yake wenzake walikuwa wameshamwaga zile sura za manjano zenye machozi. Sasa zipo sura zinazolia kwa majonzi, na zipo zinazocheka mpaka machozi yanatoka. Kwa Gego, ambaye miwani yake ilikuwa kwenye paji la uso na kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka kama barafu iliyokanyagwa, zote zilikuwa watu wa manjano wenye maji usoni.

Alikaa. Hakukuwa na kiti. Alikaa hivyohivyo, sakafuni.

"Aghi?" aliuliza mwalimu mkuu kutoka nyuma ya trei.

"Mwalimu, nisamehe," alisema Gego. "Nimefiwa."

"Hagha aghi?"

"Na yule... yule ambaye..." Akakosa cheo. Hakuwa mke, hakuwa dada, hakuwa hata mtu aliyewahi kumwandikia sentensi ndefu kuliko "Hongera sana" na "Pole sana". Ndipo kilio kilipompanda, kwa sababu hakuna kinachouma kama kufiwa na mtu ambaye huna haki ya kumlilia. Akachukua funguo za gari. Mwalimu mkuu alijivua trei mwenyewe, akafunga karakana, akaacha ufunguo kwa muuza magazeti. Waungwana bado wapo.

*

Alipofika mji wa pili, anakoishi Chonge, Gego alikuwa ndani ya suti yake nyeusi, ileile ya harusi, iliyokataa kufunga kifungo cha kati. Mkononi alibeba shada la maua kubwa, la mviringo, lenye utepe mpana uliojikunja kwa upepo wa dirishani.

Nyumba ya Chonge aliitambua kwa turubai. Viti vya plastiki vyeupe vimepangwa uani, wazee wamekaa kimya wakitazama viatu vyao, na jikoni sauti za wanawake zinasikika chinichini. Mlangoni alikutana na msichana mwenye macho mekundu, kamasi zikimchuruzika. Hakuhitaji kuambiwa kuwa ni binti wa Chonge, maana kidevu kilikuwa kilekile.

"Pole, mwanangu," alisema Gego. "Jikaze."

"Najikaza, baba, lakini machozi hayaishi," alijibu binti, akajifuta kwa kiwiko.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko ndani. Amepumzika."

Neno hilo likamwingia Gego kama msumari. "Aliteseka?"

"Wala. Walimchoma sindano, akatulia tuli. Hata sauti hakutoa."

"Afadhali. Afadhali sana, mwanangu."

"Karibu ukae, baba. Wazee wanataka kuanza."

Sasa na wewe msomaji unaona. Lakini Gego hakuona, na waliokuwa pale uani nao hawakuona, kwa sababu watu waliokaa upande wa kulia walidhani mwenye suti na maua ni wa upande wa kushoto, na wa kushoto wakamdhania ni wa kulia. Pande zote mbili ziliyasifu maua. Ukweli ni kwamba siku ile watu walikuja kumposa Chonge. Mposaji alikuwa Meneja mmoja wa bima, aliyefiwa na mke, mtu wa viatu vinavyong'aa, ambaye alikuwa ameketi katikati ya ndugu zake akitabasamu kwa kila anayepita.

Kaka mkubwa wa Chonge, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu anayeongea kana kwamba anapakua saruji, alisimama.

"Haya! Naona mgeni wetu wa maua ana neno. Wewe ni wa upande gani?"

"Wa chuoni," alisema Gego kwa sauti ya kukwaruza.

"Safi! Watu wasomi. Sema, tunakusikiliza."

Gego akasimama, shada kifuani.

"Ndugu zangu, mimi si mwongeaji. Chuoni nilikaa nyuma kabisa. Lakini mwanamke huyu namfahamu tangu ujana, na nasema mbele yenu, wa mfano wake sijamwona."

"Sema kweli!" alidakia mzee mmoja wa upande wa Meneja.

Shangazi mmoja akapiga makofi. Gego alishtuka kidogo, kisha akajisemea kwamba kila ukoo una namna yake ya kulia.

"Nilimpenda," aliendelea.

"Vizuri sana!" alisema kaka mkubwa.

"Nilimpenda tangu mwaka wa kwanza. Nilipenda anavyocheka. Alikuwa na jino moja lililotangulia wenzake, na akicheka lilitokea kwanza, yeye akafuata. Watu walimtania. Mimi nilikuwa nachekesha darasa zima, jamani, darasa zima, ili nilione hilo jino moja."

Makofi yakapungua. Meneja akaacha kutabasamu, akamnong'oneza nduguye, "Huyu tumemtuma sisi?"

"Na sikumwambia. Miaka yote hii nashika simu nimwandikie, naandika, nafuta. Naandika, nafuta. Mke wangu aliniacha, na sikumlaumu. Alisema mimi ni mume wa nusu." Machozi yalikuwa yanateleza hadi kwenye kola, na hakuyafuta. "Leo nimechelewa kabisa. Basi naomba kitu kimoja tu kwa familia, msininyime. Nimwone uso wake kabla hamjamfukia."

Ua zima likamgeukia. Hata wapishi wakachungulia kutoka jikoni.

"Kuhuhia hani?" iliuliza sauti mlangoni.

Gego akageuka.

Chonge alikuwa amesimama kizingitini na gauni la kijani, shavu la kushoto limevimba kama lililoficha yai, pamba imejaa mdomoni, na macho yake, yale macho, yamemkodolea Gego bila kupepesa.

Watu huandika kwamba damu iliganda. Ya Gego haikuganda. Ilikimbia yote, ikamwacha peke yake. Alifungua mdomo kupiga kelele, na kilichotoka kilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Shada likamponyoka, na kwa kuwa lilikuwa la mviringo, likabingirika lenyewe katikati ya ua kama gurudumu lililoachana na gari, likapita viti vya upande wa kulia, likaenda kulala miguuni pa Meneja. Utepe ukajikunjua taratibu. Wote wakausoma: LALA SALAMA, CHONGE WETU.

"Yesu na Maria!" alisema shangazi, akakalia trei ya vikombe.

Chonge akachomoa pamba mdomoni. "Gego," alisema, sasa maneno yakitoka vizuri ila kwa mluzi kidogo. "Nani amekufa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Umeng'oka! Ulimi ameandika kwenye kundi! Kila mtu amelia!" Akaitoa simu, akamkabidhi binti kama ushahidi mahakamani. "Na wewe mwanangu, ulikuwa unalia hapa mlangoni!"

"Nilikuwa nakata vitunguu, baba!"

"Ukasema amepumzika!"

"Si amepumzika? Ametoka kung'olewa jino!" Binti akaisoma simu, akaileta karibu, akaisoma tena, kisha akaanza kucheka huku anajizuia. "Baba, hapa imeandikwa chonge imeng'oka. I-meng'oka. Angekufa mama ingeandikwa a-meng'oka. Mtu na jino wanatofautiana kwa herufi moja. Kiswahili ulipata ngapi?"

Gego akateremsha miwani kutoka pajini, akatazama. Ilikuwa "i". Ilikuwa "i" kubwa na yenye afya njema, haina hata kikohozi.

Lakini ajabu ni kwamba alipoinua macho hakuwa na uso wa mtu aliyepona. Alimtazama Chonge mdomoni, pale kushoto, palipokuwa na shimo jekundu.

"Umeing'oa?" aliuliza polepole. "Ile?"

Chonge akaufunika mdomo kwa kiganja.

"Ilikuwa inauma?" aliuliza tena Gego.

"Hapana."

"Ilioza?"

"Haikuoza."

"Sasa kwa nini?" Na Gego, ambaye dakika tano nyuma alikuwa amelia kwa kufiwa, akaanza kulia upya, kilio kidogo, cha mtu mzima, cha pua. "Kwa nini, Chonge?"

Meneja akakohoa. Akasimama, akausogeza utepe kwa ncha ya kiatu. "Bwana, nadhani inatosha. Lile jino nilimshauri mimi. Lilikuwa linaharibu picha. Mtu wa nafasi yangu hupigwa picha mara kwa mara." Akatoa lile tabasamu lake.

Na hapo Gego akayaona meno. Kwa kuwa alikuwa karibu, aliyatambua kama mzazi anavyomtambua mwanawe katikati ya gwaride. Safu nzima ya juu, safu nzima ya chini, pamoja na kile kidoa kidogo cha kahawa alichokitia kwa makusudi ili yaonekane ya kuzaliwa. Yalikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Miaka miwili nyuma Meneja alikuja karakanani kwa mlango wa uani, kofia imeshushwa, akataka siri. Sasa naye alimtambua fundi wake, na tabasamu likamganda.

Gego angeweza kusema. Neno moja tu, na ua lote lingeanguka kwa kicheko. Alitazama chini, akasema, "Sawa, bwana. Kila mtu na picha zake."

Chonge aliyaona hayo yote. Alikuwa amekaa miaka ishirini na nane akichungulia midomo ya watu, na aliutazama mdomo wa Meneja, kisha akamtazama Gego aliyenyamaza.

"Mnafahamiana?" aliuliza.

"Tunapishana tu," alisema Gego.

"Haya, msiba umekwisha!" kaka mkubwa alipiga makofi. "Wewe bwana wa maua, tunashukuru kwa kutuchekesha, chukua gurudumu lako uende. Tuna shughuli."

"Kaka, subiri," alisema Chonge. Akashuka ngazi mbili za baraza, akasimama mbele ya Gego. Akashusha sauti, lakini ua lilikuwa limetega masikio kiasi kwamba hata mnong'ono ulifika mpaka jikoni. "Yale uliyosema ni kweli?"

"Nilikuwa namsemea marehemu."

"Marehemu ameyasikia. Alikuwa nyuma ya pazia tangu 'mimi si mwongeaji'." Akavuta pumzi. "Unajua mimi nakuona?"

"Unaniona wapi?"

"Kwenye simu, mjinga wewe. Ukianza kuniandikia, kwangu inaonyesha 'Gego anaandika'. Kila siku yangu ya kuzaliwa nakaa kitandani natazama. Gego anaandika. Gego anaandika. Chai inapoa. Gego anaandika. Najiambia leo, leo kaamua. Halafu kinakuja nini?"

Gego akainamisha kichwa.

"Sema kinakuja nini!"

"Kidole gumba."

"Kidole gumba! Mwanamume unaandika robo saa nzima unanitumia kidole gumba! Baba wa huyu mtoto alipokufa, uliandika mpaka betri yangu ikaisha. Nilipowasha tena nikakuta 'Pole sana'. Maneno mengine uliyapeleka wapi?"

"Yapo."

"Yako wapi?"

"Umeyasikia sasa hivi. Ndiyo hayohayo. Nimeyazoea tu."

Hapo Chonge alitaka kucheka, akakumbuka mdomo wake, akaubana. Gego akaona alivyoubana, na akahisi uchungu mkali kuliko wa asubuhi, maana mtu aliyekuwa anacheka bila kujificha sasa alikuwa anajificha.

"Usifunike," alisema. "Nilikujua jino likiwepo. Nitakujua na pengo."

"Mama," alisema binti, sauti imebadilika. Alikuwa upande wa Meneja tangu mwanzo, huyo binti, maana Meneja aliahidi kumtafutia kazi. "Watu wanasubiri. Usituaibishe. Huyu mzee kakuzika asubuhi, mchana unamsikiliza?"

"Mwanao kasema la maana!" kaka mkubwa alinguruma, uvumilivu umemwishia. "Dada, mimi ndiye niliyekaa na wewe tangu mumeo afariki. Nimekutafutia mtu mwenye heshima, mwenye nyumba, kaja na wazee wake mchana kweupe, kwa utaratibu. Na huyu je? Miaka yote yuko hai na simu anayo, hakusema. Kasubiri ufe ndipo aseme! Utamwacha mtu aliyekuja kuoa kwa ajili ya mtu aliyekuja kuzika?"

Gego alikuwa tayari ameinama kuokota shada lake, kwa sababu, ukweli usemwe, hata yeye aliona kaka ana hoja.

Chonge aliondoa kiganja mdomoni. Akamgeukia kaka yake, akafungua mdomo wazi mbele ya wageni wote, shimo na uvimbe na damu yake, akasema:

"Kaka, aliyekuja kuoa ndiye aliyetaka ling'oke. Aliyekuja kuzika ndiye peke yake aliyelililia."